Chombo Hakirudi Kitupu

Juzi mjukuu wangu Zuhura alikuja na daftari lake, akakaa mkekani miguuni pangu, akaniambia, "Bibi, leo tumepewa neno moja tu la Kiingereza, lakini mwalimu anataka tuandike matumizi yake kumi na tano."

"Neno gani hilo lisilotosheka?" nikamuuliza.

Akalitaja. Maana yake chukua. Sitaliandika kama wanavyoliandika wenyewe. Nitaliandika kama lilivyoniingia sikioni nilipokuwa mtoto: teki.

Nikamwambia aliondoe mbele yangu, akasomee chumbani. Akacheka akidhani namtania. "Bibi, kwani neno limekukosea nini? Wewe hukusoma Kiingereza."

Hukusoma! Ni kweli nilisoma madarasa mawili tu, na haya mnayoyasoma nimeyaandika herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Lakini neno hilo nililijua kabla mama yake Zuhura hajazaliwa, na siku niliyolitumia mbele ya Mzungu kwa mara ya kwanza ndiyo siku niliyomvunjia mama yangu heshima mbele ya watu.

Mtoto hakujua hayo. Akaendelea kunisomea orodha yake. Wenzetu wale wanachukua dawa, wanachukua basi, wanachukua mtihani, wanachukua picha, mchana wanachukua usingizi, jioni wanachukua matembezi.

"Wanachukua matembezi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wanayapeleka wapi?"

Akaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Babu yangu alikuwa mchukuzi, mmoja wa watu waliotoka bara na mizigo kichwani mpaka shingo zikaota sugu. Kwetu anayechukua hulemewa. Kwao anayechukua huondoka zake mikono mitupu, na mzigo yupo mwingine wa kuubeba.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Bagamoyo mnazikumbuka zile nyumba za Wazungu za upande wa bahari, zenye bati jekundu na wavu wa mbu madirishani. Katika moja ya nyumba hizo mama yangu alikuwa yaya. Jina lake Bi Mwaja, na mtaani hakuna aliyemwita bila ya kulitanguliza hilo "Bi". Memsabu alimwita "yaya" tu, miaka mitatu, na nina hakika alikufa bila kujua kwamba mwanamke aliyemlelea mwanawe alikuwa na jina. Bwana wake alisimamia mashamba ya mkonge, anatoka alfajiri, anarudi amekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Baba yangu mimi alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge huohuo, na habari zake zilikuja kwa msimu, kama maembe.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniachia, nilifuatana na mama. Kazi yangu ilikuwa kumpungia nzi yule mtoto wa kike wa Kizungu na kuokota vitu alivyovitupa, naye alitupa kila kitu. Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza changu. Memsabu anamtia mtoto kijiko kinywani: teki. Anampa dawa: teki. Anataka avuliwe viatu: teki ofu. Sahani iondolewe mezani: teki awei. Siku moja Bwana alitusimamisha mimi na mama juani na mtoto wao katikati, akatoa kisanduku chake cheusi, nako vilevile ni teki. Picha yenyewe hatukuiona mpaka leo. Nyuso zetu zilikwenda Ulaya, sisi tukabaki kwenye jua.

Nilikuwa na miaka saba au minane, na nilivimba kichwa. Nilidhani nimekijua Kiingereza chote. Nilipokwenda chuoni jioni kusoma msahafu, nilikuwa nawatupia wenzangu kokoto na kuwaambia, "Teki!" Nikimpa mtu embe bichi, "Teki!" Nikimnyang'anya, "Teki!" Walinichoka. Wakanipa jina, Mzungu wa Makaa, na wakanitungia kiitikio. Mimi nikaona wivu unawasumbua.

Kulikuwa na mtu mwingine katika nyumba ile ambaye lazima niwaambie habari zake, nami nitazisema bila ya kumpaka mafuta. Mpishi. Jina lake Feruzi, mtu wa Saadani, Mswahili kama sisi, Mwislamu kama sisi, kofia nyeupe iliyopigwa pasi kichwani. Alikijua Kiingereza kweli. Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba: Memsabu anasema naye, yeye anasema nasi. Na alikuwa na mke mdogo, akataka kumwingiza katika kazi ya yaya. Hilo mama alilijua. Mara mbili alimsikia akisema jikoni, "Kuna watu wanalea kwa mikono na kuna watu wanalea kwa kukaa." Mama hakumjibu. Alisema mwenye haja ya kazi yako ukimjibu umempa nafasi.

Basi ikaja sikukuu yao. Walikula na kusaza. Memsabu akachukua bakuli la udongo mweupe, lenye maua ya buluu ukingoni, lina kitu cha njano kinachotetemeka kama faluda, akamkabidhi mama mikononi. "Teki, yaya." Feruzi alikuwepo. Mama alimuuliza mbele yangu, "Kaka Feruzi, kina mafuta gani hiki?" Akajibu, "Maziwa na mayai na sukari, hakuna haramu." Yeye mwenyewe ndiye aliyelifunika lile bakuli kwa kitambaa. Nataka mlishike hilo.

Tulikula usiku ule mpaka tukakwangua. Asubuhi mama alilisugua bakuli kwa majivu laini, akalisuuza maji matatu, akalikausha, akalifunga katika kanga yake ya kutokea, akalisukuma mvunguni mwa kitanda nyuma ya kinu kibovu. Nilipochungulia alinishika sikio. "Usikiguse. Na usimwambie mtu kwamba kipo hapa. Umesikia?"

Nilisikia. Na nilifahamu kwa akili yangu ya utotoni: chakula tulipewa, lakini bakuli tumeiba. Kwani kitu cha halali hufichwa?

Mngenicheka, maana nanyi mmelelewa kama mimi. Kila siku nilitumwa nyumba kwa nyumba na visahani. Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akituletea samaki, sahani yake inarudi na mihogo. Akileta mihogo, inarudi na ndizi. Hata kama hakuna kitu, unatia chumvi kidogo, unatia ndimu mbili. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe: ulichonipa hakikufika moyoni, usinipe tena. Hayo niliyajua kama ninavyoijua njia ya msalani. Ila haikunipitikia kwamba Memsabu yumo katika hesabu hiyo. Sikujua kwamba Mzungu naye anaweza kuwa jirani. Mama yangu alijua. Alimhesabu yule mwanamke kuwa mtu.

Na alikuwa hana cha kutia. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini njaa ya vita ilibaki kwetu. Mchele ulikuwa wa kupimiwa, unapanga mstari dukani tangu kukicha, unarudi na kibaba. Mama aliona haifai kumrudishia mtu mzima mihogo kwa kitu cha mayai na sukari. Alitaka vitumbua, vya hiliki, vilivyoumuka. Basi kila jioni akichota mchele wa chakula chetu, alirudisha konzi moja kwenye kopo. Nikawa nalala na njaa kidogo zaidi kuliko kawaida, na sikujua kwa nini. Siku zikapita, kumi, kumi na mbili. Naye hakumwambia Memsabu neno, kwa sababu hizo si habari za kusema. Nani anakwenda kwa jirani kumwambia, nisubiri, sina cha kukutilia? Hiyo ni aibu ya pili juu ya ya kwanza.

Ijumaa moja Memsabu alikuwa na wageni wa kuja kula. Mama alikuwa ametoka na mtoto, anamsukuma katika kigari chake njia ya ufukweni. Mimi nilikaa kizingitini mwa jiko nikichambua mbaazi. Memsabu akapanga mabakuli yake ya maua ya buluu mezani. Matano. Akayapanga tena. Matano. Akaingia jikoni, uso umemwiva, amesahau kwamba moja alilitoa mwenyewe, akamuuliza Feruzi kwa Kiingereza. Feruzi akainua mabega. Akamuuliza tena, na katika maneno yale yote yaliyokimbia kama panya darini, nikalisikia moja ninalolijua: teki. Nani? Teki?

Feruzi alijua. Alilifunika kwa mkono wake. Akaangalia sufuria yake kana kwamba ndani mna maandishi.

Mimi nikasimama. Wallahi nilisimama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua peke yake darasa zima. Sikumfikiria mama. Nilifikiria kwamba leo Mzungu anauliza kwa Kiingereza na mimi nitamjibu kwa Kiingereza. Nikanyoosha kidole kwetu, nikasema kwa sauti:

"Mama teki!"

Memsabu akaniangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniangalia usoni. Nikatabasamu.

Feruzi akafunika kinywa kwa kiganja, nikaona mabega yanamtikisika. Kisha akamwambia Memsabu kitu kwa upole sana, akanigeukia akanieleza alichosema, maana alitaka nijue: "Nimemwambia mtoto hasemi uongo."

Mama aliporudi, alikuta Memsabu kasimama ngazini. Memsabu alimpokonya kigari. Akamwaga maneno, na Feruzi akayaleta: "Anasema alikupa chakula, hakukupa bakuli. Anasema leo siku ya kumi na mbili. Anasema watu wa namna yako anawajua."

Mama aliniangalia mara moja tu. Kisha akamgeukia Feruzi, sauti yake imetulia. "Kaka Feruzi, mwambie chombo chake kipo, kisafi, hakina ufa. Mwambie kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nadunduliza mchele nimfanyie vitumbua. Jumapili kingerudi. Wewe ni mtu wa pwani, mfahamishe."

Feruzi akamgeukia Memsabu, akasema. Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua kupima. Maneno yake yalikuwa mengi, na yalitoka kinywani mwa Feruzi mawili au matatu.

"Ndiyo hayo tu niliyosema?" mama akamuuliza.

"Ndiyo hayo," akajibu.

Memsabu akatumia Kiswahili chake cha kuamrishia. "Wewe kwenda. Wewe leta bakuli. Halafu kazi kwisha."

Tukaenda nyumbani, mama mbele, mimi nyuma, Feruzi nyuma yetu kama askari na wafungwa wake. Njiani watu wanatuangalia. Tulipofika, mama alimwambia, "Kaa barazani."

"Nimetumwa bakuli, Bi Mwaja. Nipe niende."

"Kaa barazani, nimekwambia. Humo ndani mna kitanda cha mume wangu."

Akakaa. Mama akalitoa kopo, akamimina ungoni. Kibaba na konzi mbili. Vitumbua havikuwezekana tena, mchele wa vitumbua hulowekwa usiku kucha. Akaniambia nilete mbuzi na nazi ile moja tuliyoiweka. Nilikuna nazi machozi yanadondokea kwenye chicha, naye hakuninyamazisha wala hakunikaripia. Akachuja tui, akateleka wali.

Feruzi aliposikia harufu akapandisha sauti. "Bi Mwaja! Memsabu anangoja!"

"Na angoje. Mimi nimengoja siku kumi na mbili."

Bi Tatu akatoka kwake na mwiko mkononi, maana harufu ya wali wa nazi siku zile ilikuwa kama kupiga mbiu. Akamkuta Feruzi barazani. "Kuna nini? Posa?" Akaelezwa. Akamwangalia Feruzi kutoka kofia mpaka kandambili, akamwendea mpaka karibu.

"Ati Feruzi, kwenu Saadani sahani hurudi kavu?"

Feruzi akageuza uso barabarani.

"Nakuuliza, mama yako alikuwa akitumwa sahani ya papa, anairudisha inalia kama ngoma?"

"Bi Tatu, mimi mtu wa kazi. Natumwa."

"Unatumwa mdomo pia? Mdomo wa kusema kweli umeuacha kwenye sufuria ya Mzungu?"

Wanawake wengine wakatoka. Wakaanza kumwimbia vijembe, si kwa jina lake, kwa habari ya paka aliyekula maini akasingizia kunguru. Alikuwa akipangusa jasho kwa kofia yake. Hata leo nikikumbuka napata raha kidogo.

Wali ulipoiva mama aliupakua katika lile bakuli, akaurundika mpaka ukawa kichuguu, akaufunika kwa kawa jipya. Alivaa kanga yake ya kutokea. Akaliweka bakuli kichwani. Hakupita mlango wa nyuma, mlango wa watumishi. Alipita mbele, mimi na Feruzi nyuma yake, akapanda ngazi, na wageni wamekaa kwenye viti na vinywaji vyao.

"Hodi," akasema.

Akapiga goti kidogo kama anavyompigia mtu aliyemzidi umri, akaliweka bakuli mezani, akafunua kawa. Mvuke ukapanda. Mpaka leo nikifunua sufuria ya wali wa nazi, harufu ile ikinipiga, naona zile nyuso. Mgeni mmoja wa kike alikunja pua. Memsabu hakutazama wali, alitazama ukingo wa bakuli, analizungusha kwa kidole anatafuta ufa. Hakuna ufa. Basi akamwambia Feruzi, wala hakupandisha sauti:

"Teki awei."

Nililifahamu. Mama aliponitazama nimwambie, nilitazama chini.

Feruzi akalibeba mpaka nyuma. Tulisikia kijiko kinakwangua. Tulisikia mbwa. Wali wa siku kumi na mbili, wali wa njaa yetu, na hakuula hata yeye. Angeula, ningemsamehe nusu. Akaliosha bakuli, akarudi, akaliweka mezani pamoja na wenzake, yakawa sita. Mama alikuwa bado amesimama pale ngazini. Alisubiri mpaka alipoliona limekaa. Ndipo akaokota kawa lake, akanishika mkono, tukashuka.

Nilijua nitapigwa. Nilijikaza mgongo njia nzima. Tulipofika kwenye mnazi ulioinama karibu na kwetu, akasimama.

"Ulimwambia nini?"

"Nilisema, mama teki."

"Maana yake?"

"Mama kachukua."

"Hukusema uongo," akaniambia. "Lakini siku nyingine ukiwa na neno moja tu, kaa nalo kinywani."

Hakunipiga. Angenipiga yangekwisha siku ileile. Mke mdogo wa Feruzi aliingia kazini Jumatatu yake. Mama alirudi kwenye kusuka ukili na kuuza maandazi, na kwa muda mrefu wapo watu wa mji huu waliofunga makabati yao alipopita kuuza, maana habari ya wizi hukimbia, habari ya wali hutambaa. Mimi niliacha Kiingereza siku ile. Sijasema tena neno lake hata moja, na sijapungukiwa kitu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, mama akafariki. Mji mzima ulituletea chakula cha matanga, na katika vyombo hivyo limo bakuli la kuku wa nazi lililotoka nyumbani kwa Feruzi. Alikuwa mzee wa msikitini wakati huo, anatoa salamu kwa kulia na kushoto, watu wanambusu mkono. Baada ya arobaini tulirudisha vyombo vya watu, kila kimoja na chake ndani, tende, sukari, kaimati. La Feruzi nililiosha kwa majivu laini, maji matatu, nikalikausha. Wanangu wakataka kulipeleka. Nikawaambia hili ni langu.

Nilimkuta barazani kwake na wenzake, wanacheza bao.

"Shikamoo, Mzee Feruzi."

"Marahaba, mwanangu. Tuendelee kumwombea marehemu."

"Nimekuletea bakuli lako."

Nikamkabidhi mikononi, halina kawa, halina kitambaa. Alilitazama ndani, ingawa tangu mbali angeweza kuona. Wenzake wakaacha kete hewani. Akalitazama tena, kama mtu anayetafuta ufa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa mtu wa kutumwa."

"Hili hukutumwa, ulilileta kwa moyo wako," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuletea mwenyewe."

Nikamuaga kwa heshima zote, nikarudi kwangu. Nimekuwa na majirani wengi katika umri huu, na vyombo vya watu nilivyovirudisha hata malaika wangu amechoka kuvihesabu. Kitupu nimerudisha kimoja tu.